MPIGA ZEZE NAYE ANA KAZI

Somo la kusoma na kujadiliana



Leo tusome juu ya kazi ambayo watu wengi hawaiiti kazi. Mtu akitoka asubuhi na jembe begani, tunasema anakwenda kazini. Akishuka na kiroba cha tangawizi kupeleka sokoni, tunasema anatafuta riziki. Lakini akitoka na zeze kwapani, tunasema: “Yule naye! Anakwenda kucheza tu.”

Je, ni kweli anakwenda kucheza tu? Hapa Bombo, na katika vijiji vingine vya milima ya Upare, wapo wazazi wanaomnyang'anya mtoto ala ya muziki wakidhani wanamwokoa na uvivu. Wapo pia vijana wanaodhani ukishika ala ya muziki, basi kesho utapanda ndege na umaskini umekwisha. Wote wawili hawajaitazama kazi yenyewe. Haya, tuitazame pamoja, polepole.

MTU MMOJA WA KWELI

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, huko Dodoma. Alikuwa Mgogo. Nchi ya Wagogo ni kavu, mvua yake ni chache, na watu wake ni wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Zawose alikua akichunga ng'ombe. Baba yake alikuwa mpiga muziki, naye ndiye aliyemfundisha.

Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, Mwalimu Nyerere alimwita Zawose Dar es Salaam. Serikali ilikuwa ikikusanya wasanii wa makabila mbalimbali ili ngoma na nyimbo za jadi ziwe mali ya taifa zima. Mchunga ng'ombe wa Doduma akawa msanii wa taifa.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Siku hizi kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Zawose alifanya kazi pale na akafundisha wengine. Bagamoyo siyo mbali sana na sisi. Ukitoka Same ukashika barabara ya Dar es Salaam, ukifika Msata unakata kushoto, unateremka mpaka pwani. Hapo ndipo alipoweka maskani yake, pamoja na jamaa yake kubwa.

Kutoka hapo alisafiri nchi nyingi. Alipiga Ulaya, alipiga Japani, alipiga Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Uingereza iitwayo Real World ilitoa albamu yake, Chibite. Mwaka 2002 ikatoka nyingine, Mkuki wa Rocho. Mwaka huohuo wa 2002 alikwenda Marekani pamoja na Charles Zawose, mpwa wake, wakapiga katika maonyesho ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, mbele ya kumbi zilizojaa maelfu ya watu. Wengi wa watu hao hawakujua Kigogo wala Kiswahili. Walisikiliza, na wakapiga makofi.

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Tutarudi kwake baadaye, maana habari yake haikuishia hapo.

ZEZE NI CHOMBO GANI?

Zeze ni ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Tuzitaje sehemu zake:

1. Tumbo la zeze. Hili ni kibuyu au mti uliochongwa ukawa na uwazi ndani. Mdomo wake hufunikwa kwa ngozi. Sauti hukuzwa humo.

2. Mkono wa zeze. Huu ni mti mrefu unaotoka kwenye tumbo.

3. Nyuzi. Zipo zeze za uzi mmoja, na zipo za nyuzi mbili au zaidi. Wengi siku hizi hutumia waya.

4. Upinde. Huu ni kijiti kilichopindwa na kufungwa singa za mkia wa mnyama au nyuzi za mkonge. Mkonge huu ni uleule tunaouona mashambani kule tambarare.

5. Utomvu mkavu wa mti. Upinde husuguliwa kwa utomvu huu ili uukamate uzi. Bila utomvu upinde huteleza, na zeze hukaa kimya.

Tazama basi. Anayetengeneza zeze lazima amjue mnyama, aujue mti, ajue kibuyu kipi kimekomaa na ngozi ipi imekauka sawasawa. Huo ni ufundi, kama ufundi wa seremala au wa fundi cherehani. Halafu kupiga kwenyewe hujifunzwa kwa miaka mingi. Zawose alianza utotoni.

WENZETU WA DENMARK

Ala inayofanana na zeze ipo pia kwa Wazungu. Wao huiita fidla. Ni ya mbao, ina nyuzi nne, nayo hushikwa chini ya kidevu. Upinde wake una singa za mkia wa farasi, na husuguliwa kwa utomvu wa msonobari. Kwa hiyo mpiga fidla na mpiga zeze wakikutana, hata kama hawajui lugha moja, watatazamana mikono na kuelewana.

Tuchukue nchi ya Denmark, iliyo kaskazini mwa Ulaya. Nchi hiyo ni tambarare. Mahali pake pa juu kabisa ni kama mita 170 tu kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, katika milima yetu hii, kina mita 2,463. Mtu wa Denmark akifika Bombo atahema! Nasi tukienda kwao mwezi wa Desemba tutashangaa, kwa maana mchana wao wakati huo ni wa saa saba hivi tu, kisha giza.

Tangu zamani vijiji vya Denmark vilikuwa na wapiga fidla. Waliitwa kupiga kwenye harusi na sherehe za mavuno. Hata leo wapo wapiga fidla wanaoishi mashambani, ambao husafiri kwenda kupiga mjini na nchi za nje, kisha hurudi kijijini kwao.

Lakini kuna jambo moja kwao ambalo sisi wenye kisomo yafaa tulishike. Lipo daftari la huko lililoandikwa karibu mwaka 1760. Linaitwa kwa jina la baharia mmoja, Rasmus Storm. Ndani yake zimeandikwa nyimbo za kuchezea ngoma, kwa alama za muziki. Baharia amekwisha kufa, na wote waliocheza nyimbo zile wamekufa. Lakini daftari limebaki, na wapiga fidla wa leo wanazipiga nyimbo hizo. Zimepita zaidi ya miaka 250.

Sasa tujiulize: nyimbo walizoimba bibi zetu wakati wa kupalilia, nani amezitia katika daftari?

SAFARI INABEBWA NA NANI?

Watu humwona mpiga zeze akiwa jukwaani. Hawawaoni waliombeba mpaka akafika jukwaani. Kule Ulaya sherehe nyingi za muziki hufanyika mwezi wa Juni mpaka Agosti, kwa sababu ndio wakati wao wa joto. Huku kwetu wakati huo ni baridi milimani, na mahindi ya masika yanataka kuvunwa. Mpiga zeze yuko Ulaya. Je, nani anavuna?

Zamu ya maji ya ndiva ikifika, maji hayamngoji mtu aliyesafiri. Asipokuwepo wa kufungua mfereji, maji yatakwenda kwa jirani, na bustani itakauka. Msaragambo ukiitishwa wa kutengeneza barabara au kuzibua ndiva, kaya yake nayo huhesabiwa. Lazima awepo mtu wa kwenda. Mtoto akiugua usiku, lazima awepo wa kumbeba hadi zahanati.

Mara nyingi mtu huyo ni mke. Wakati mwingine ni mama mzee, au kaka, au mtoto mkubwa. Kwa hiyo tusiseme “fedha za mpiga zeze” kana kwamba alizitafuta peke yake. Mkono mmoja ulishika upinde, na mikono mingine ilishika jembe. Mke aliyevuna peke yake miezi mitatu naye amefanya kazi ya safari ile.

Ndiyo maana kabla ya kuondoka yafaa wenye nyumba wakae chini na karatasi. Waandike:

- Fedha gani zinabaki nyumbani, na anazitunza nani.
- Nani ana ruhusa ya kuuza mbuzi au gunia la mahindi ikitokea shida.
- Nani atakwenda kwenye zamu ya maji na kwenye msaragambo.
- Fedha za safarini zitatumwa kwa simu ya nani, na lini.
- Siku ya kurudi.

Karatasi hiyo siyo ya kutiliana mashaka. Ni ya kuondoa mashaka. Wangapi tumewaona wakigombana baada ya safari, huyu akisema “niliacha fedha”, na yule akisema “sikuona kitu”? Maneno ya mdomoni husahaulika. Yaliyoandikwa hubaki.

USITIE SAHIHI KABLA YA KUSOMA

Mtu akija kumwita mpiga zeze kusafiri, au akija kurekodi nyimbo zake, huja na mkataba. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa. Ukitia sahihi au dole gumba, umekubali yote yaliyomo, hata yale ambayo hukuyasoma. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mtu anaambiwa, “Tia hapa tu, mzee, ni kawaida.” Naye anatia, na wimbo umekwenda.

Wewe uliyehitimu kisomo usikubali. Kaa, vuta kiti, soma. Ikiwa karatasi imeandikwa kwa lugha usiyoijua, dai iandikwe kwa Kiswahili, au mtafute mtu unayemwamini akutafsirie. Hakuna aibu kusema, “Nipe siku mbili nisome.” Mwenye nia njema atakungoja.

Mambo ya kutafuta katika mkataba ni haya:

1. Malipo ni kiasi gani? Ni kwa kila onyesho, au ni kwa safari nzima? Yatalipwa lini?

2. Nani analipa nauli, viza, chakula na mahali pa kulala?

3. Mtu akiugua safarini, nani anamtibu? Kule Ulaya matibabu ni ghali sana. Bima iandikwe.

4. Maonyesho ni mangapi, na siku za kupumzika ni ngapi?

5. Je, onyesho litarekodiwa? Likirekodiwa na kuuzwa, au likiwekwa kwenye intaneti, mpiga zeze anapata nini?

6. Majina yameandikwa sawasawa? Jina la kwenye mkataba na la kwenye pasipoti lazima yafanane.

7. Nakala ni mbili? Moja ni yako. Itunze mahali pakavu, mbali na panya na mchwa.

Tena kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Haki katika utunzi wake hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Hebu tupige hesabu. Mtunzi aliyefariki mwaka 2003, ongeza miaka 50, unapata mwaka 2053. Maana yake ni kwamba watoto na wajukuu wake nao wana haki ya kufuatilia kinachopatikana. Ofisi inayoshughulikia mambo hayo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inayojulikana kama COSOTA. Na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalowasajili wasanii. Mpiga zeze anayetaka kuifanya kazi yake iwe kazi, yafaa ajue milango hiyo miwili.

TUPIGE HESABU

Watu husikia “amelipwa milioni tatu”, wakaruka. Tusiruke. Tushike kalamu. Namba zifuatazo ni za mfano tu.

Kikundi cha watu 4 kinaitwa kupiga mkoa mwingine kwa siku 10. Malipo ni shilingi 3,000,000. Matumizi yao ni haya:

Nauli, kwenda na kurudi, kila mtu sh. 120,000: jumla sh. 480,000.
Chakula na malazi, kila mtu sh. 20,000 kwa siku: jumla sh. 800,000.
Nyuzi, ngozi na matengenezo ya ala: sh. 120,000.
Jumla ya matumizi: sh. 1,400,000.

Toa 1,400,000 katika 3,000,000. Zinabaki sh. 1,600,000. Gawanya kwa watu 4. Kila mmoja anapata sh. 400,000.

Siyo mbaya, si ndiyo? Ukigawanya kwa siku 10, ni sh. 40,000 kwa siku. Lakini ngoja kwanza. Kabla ya safari walifanya mazoezi siku 30, na siku hizo hakuna aliyewalipa. Siku 10 na siku 30 ni siku 40. Gawanya 400,000 kwa 40. Ni sh. 10,000 kwa siku. Na tena, safari nyingine huenda isipatikane mpaka baada ya miezi sita.

Kwa hiyo kazi hii ina riziki, lakini riziki yake huja kama mvua za vuli. Mwaka mmoja zinajaa, mwaka mwingine zinapita mbali. Mwenye busara haachi shamba. Hupanda tangawizi yake, hupanda migomba yake, na fedha za zeze huziweka akiba. Katika zile sh. 400,000, akitenga robo tu, ni sh. 100,000. Hiyo ni ada, au mbuzi, au bati za kuezekea jiko.

BAADA YA MZEE

Sasa turudi Bagamoyo. Hukwe Zawose alipofariki, wengi walidhani muziki ule umezikwa naye. Lakini mzee alikuwa amefundisha. Watoto, wapwa na wajukuu walikuwa wameusikia kila siku nyumbani.

Zamani kwa Wagogo, zeze lilikuwa chombo cha wanaume. Wanawake walikuwa na ngoma yao, muheme, ambayo huipiga wenyewe kwa ustadi mkubwa. Katika muziki wa zeze wao waliitikia kwa sauti, nyuma ya wanaume. Hayo yamebadilika. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walisogea mbele. Wanaimba, na wanapiga ala ambazo bibi zao hawakuruhusiwa kuzishika. Kundi lao linaitwa The Zawose Queens. Mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, kwa kampuni ileile ya Real World iliyotoa nyimbo za mzee.

Fikiri kama mzee angesema, “Zeze ni la wavulana tu.” Nusu ya urithi ingepotea pale pale. Mali ya ardhi ikigawanywa kwa watoto wengi huwa ndogo, na sisi watu wa milimani tunalijua hilo vizuri sana: vishamba vyetu vinazidi kuwa vyembamba. Lakini urithi wa ufundi ni tofauti. Ukiwagawia watoto sita, kila mmoja anao mzima.

TUFANYE NINI?

Hatusemi kila mtu wa Bombo awe mpiga zeze na aende Ulaya. Wanaokwenda ni wachache. Tunasema mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mtafute mzee au bibi mmoja anayejua wimbo wa zamani au kutengeneza ala. Mwombe ruhusa. Andika maneno ya wimbo katika daftari, kwa lugha yake mwenyewe. Andika jina lake, kijiji chake na tarehe. Kama kuna simu ya kurekodi, rekodi. Msomee ulichoandika, naye asahihishe. Usikitume kwa watu bila idhini yake.

Pili, mtoto akishika ala, usimpige. Mpangie saa. Kuna saa ya shule, saa ya kazi za nyumbani, na saa ya ala.

Tatu, karatasi yoyote ikiletwa kijijini ya kutia sahihi, iwe ya muziki, ya shamba au ya mkopo, isomwe kwa sauti mbele ya wanaohusika kabla kalamu haijashikwa. Hiyo ndiyo kazi ya kisomo chetu. Hatukujifunza kusoma ili tusome majina ya mabasi peke yake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ala: chombo cha kupigia muziki.
Singa: nywele ndefu za mkia au za shingo ya mnyama.
Utomvu: maji mazito yanayotoka katika mti.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Nakala: karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kitu alichokitunga.
Bima: mpango wa kulipia kabla, ili ukipata shida usaidiwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kijiji chenu yupo mtu anayejua kutengeneza au kupiga ala ya jadi? Nani anajifunza kwake?

2. Mume au mke akisafiri miezi mitatu kwa kazi, aliyebaki nyumbani astahili sehemu gani ya malipo? Toeni sababu.

3. Tazameni tena hesabu yetu. Kama kikundi kingelala kwa ndugu na jamaa, na matumizi ya chakula na malazi yakawa sh. 400,000 tu, kila mtu angepata kiasi gani?

4. Wimbo uliotungwa na kijiji kizima, na hajulikani aliyeuanza, ni mali ya nani? Mgeni akitaka kuurekodi, amwombe nani ruhusa?

5. Kila mmoja aandike mistari mitano juu ya wimbo mmoja anaoukumbuka kutoka utotoni mwake: uliimbwa wapi, wakati gani, na nani. Leteni daftari zenu katika mkutano ujao wa darasa, tusomeane.